Katibu Othman wa Mivinjeni na Neno Kiwanja

Masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa uani, sheha na viongozi wa shehia, wachezaji wa timu ya Subira, wafanyakazi wa Kituo cha Mpira cha Mivinjeni, ndugu na jirani mliotoka karibu na mbali, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Leo Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, ni siku ya tatu tangu tumzike ndugu yetu, na baada ya hitma hii familia imenitaka mimi mdogo wake, Hija Jaribu, nisimame mbele yenu niyasome maisha yake. Marehemu alikuwa katibu kwa miaka thelathini na tatu na hakupenda kumbukumbu zenye mapengo, na alipoanza kuumwa aliwaambia wanawe kwamba siku ya kusomwa habari zake wasije wakampamba, na hasa wasiliruke lile jambo la kiwanja. Hatutaliruka, ingawa kulisoma kunatuuma.

Marehemu Othman Jaribu Mabruki alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Mei 1965, huko Ole, hapa Pemba, mwaka mmoja na miezi minne baada ya Mapinduzi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Jaribu Mabruki, mkulima wa muhogo na mchumaji wa karafuu, na Bi Bimkubwa Mmanga. Mwaka ule aliozaliwa ndio mwaka ambao baba yetu alipewa eka tatu pamoja na karatasi yake, na kwa kuwa mzee hakujua kusoma, karatasi ile ilikaa ndani ya mkoba wa ukili juu ya mlango ikimsubiri mtoto wa kuisoma, na mtoto huyo akawa Othman.

Alianza Skuli ya Ole mwezi wa Januari 1973, na alipofika darasa la tatu tayari alikuwa akiwasomea wazee wa mtaani barua za watoto wao walioko Unguja, Tanga na Mombasa, na wanaokumbuka wanasema alikuwa na tabia ya kuziruka habari mbaya mpaka mzee amalize kula kwanza, ndipo anasema, "Kuna kipande hapa sikukiona vyema." Mwaka 1980 aliendelea na sekondari Wete, akitembea kwa miguu na wakati mwingine akipandia baiskeli ya Mzee Kificho, jirani yetu, hadi alipomaliza Kidato cha Tatu mwaka 1982. Hukohuko skuli ndiko alikoanza kucheza mpira, akapangwa beki wa kushoto, si kwa sababu alikuwa na mguu wa kushoto mzuri, bali kwa sababu nafasi ile hakuna aliyeitaka, na yeye nafasi asiyoitaka mtu ndiyo aliyoizoea maisha yake yote.

Tarehe 1 Machi 1984 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia karafuu wilaya ya Wete, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili hadi kituo kilipofungwa mwaka 2006, na hakuna mkulima wa upande huu aliyewahi kusema kwamba Othman alimpunja. Kila mtu aliyeweka gunia lake juu ya mizani alikuwa akimwambia autazame mshale mara mbili kabla hajakubali, na asiyejua kusoma tarakimu akimwonyesha kwa kidole, tena kwa utaratibu wa kuudhi, hata foleni ikanung'unika. Tunalitaja hili makusudi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilitaja kila alipojilaumu.

Alifunga ndoa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1990, hapa Mivinjeni, na Bi Mwatum Shaame, ambaye leo yuko edani kwa kufiwa na mume, Mwenyezi Mungu amtie nguvu. Ndoa hii ina mwenyewe aliyeisimamia, naye ni Bi Time Ahmada, khaloo yake Bi Mwatum, mdogo wa mama yake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Wazee wa Mivinjeni walisitasita, kijana mwenyewe katoka Ole, hana jamaa pwani, na hata kuogelea hajui, lakini Bi Time alimwona mara moja kituoni kwenye karafuu akimwelekezea mshale bibi mmoja kipofu wa jicho moja, akarudi nyumbani akasema, "Kijana huno hana nnazi wala nkarafuu, lakini ana subira na watu, mwozeni ntoto wangu." Othman akahamia Mivinjeni, na tangu siku ile Bi Time akawa mama yake wa pili, na chakula cha mchana cha Ijumaa kikawa kwa Bi Time, jambo lisilohitaji kualikwa.

Mungu aliwajaalia watoto wanne. Bimkubwa alizaliwa tarehe 12 Juni 1991, Mabruki tarehe 9 Oktoba 1994, Jaribu tarehe 2 Februari 1997, na Mwanawema tarehe 20 Agosti 2001. Jaribu tulimzika kwa homa ya malaria akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, na Bi Time ndiye aliyemkosha. Ameacha wajukuu watano, na mdogo kuliko wote ana siku sitini na moja.

Mwaka 1992 wanachama wa timu ya Subira walimchagua kuwa katibu, na kuanzia hapo jina la Othman likabaki kwenye cheti cha ndoa tu, kwa kuwa kila mtu, mpaka watoto wake mwenyewe, alimwita Katibu. Aliandika majina ya wachezaji, barua za kuomba mechi, barua za kulalamikia marefa, na aliandika hata mechi tulizofungwa saba kwa bila pamoja na majina ya mabeki waliohusika, la kwake likiwa la kwanza. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu baina ya mivinje na bahari, mpira ukipaa kidogo unafuatwa majini, na wakati wa msimu wa karafuu huchezi, kwa sababu watu wameanika mikeka yao kutoka goli hadi goli. Ndio uwanja aliouchezea miaka kumi na tatu na kuutunza iliyobaki.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike. Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Machi 2009, saa kumi za alasiri, kijiji kizima kilikutana pembeni ya uwanja huo, kwa sababu ilikuja kampuni ya wageni iliyotaka kujenga kituo cha mazoezi ya mpira hapa pwani, ili timu za nje ziwe zinakuja kuweka kambi, na mkataba wa kurasa nane uliletwa usomwe kila mtu asikie. Msomaji alikuwa Katibu. Akasoma kwa sauti yake ile mliyoizoea, bila ya haraka, mpaka akafika palipoandikwa kwamba wananchi wa Mivinjeni wameridhia kukitoa kiwanja chao kwa muda wa miaka thelathini, na hapo Bi Time akanyoosha mkono akauliza, "Katibu, kiwanja kinosemwa ndo kino cha mpira tu, au kuna na chengine?" naye akamjibu papo hapo, "Ndo kino kino, khaloo, tunachokikanyaga." Watu wakatulia, mikono ikanyanyuliwa, wazee sita wakatia saini, na saini ya kwanza pale chini ni ya Othman Jaribu Mabruki.

Ndugu zangu, mtu wa Mivinjeni ukimtajia kiwanja anaona magoli mawili na mchanga katikati, na mtu wa ofisini ukimtajia kiwanja anaona kipande cha ardhi chenye namba na vigingi vyake. Ramani ilikuwa nyuma ya mkataba, ukurasa wa nane, imekunjwa mara nne, na Katibu hakuikunjua. Yeye aliyewaambia watu mara mbili, mara mbili, kwa miaka ishirini na miwili, siku ile hakutazama hata mara moja, na alipokuja kuulizwa kwa nini, alisema kwamba hakuona haja ya kuonyeshwa kwenye karatasi mahali alipovunjikia kidole chake cha mguu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 8 Februari 2010, mafundi walianza kusimamisha nguzo za uzio, wakaanzia barabarani, wakapita nyuma ya goli la kusini watu wakitazama, wakaendelea, wakakitia ndani kisima, wakaitia ndani njia ya pwani, na hawakusimama mpaka pale maji makuu ya bamvua yanapofika. Kutoka majumbani hadi dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki na kina mama wanapoteremkia kwenye mashamba yao ya mwani, zamani ulikuwa mwendo wa dakika saba, na kuanzia siku ile ikawa lazima kuuzunguka uzio kwa kupitia kwenye mikoko, dakika arobaini za kwenda, na za kurudi usiziulize, gunia la mwani mbichi likiwa kichwani. Katibu alikwenda kwa wasimamizi wa ujenzi na nakala yake ya mkataba mkononi, wakaichukua kwa heshima, wakaigeuza nyuma, wakamkunjulia ramani. Bi Mwatum anasema alirudi nyumbani akaketi kwenye kibaraza na viatu vyake miguuni mpaka adhana ya magharibi.

Kituo kilifunguliwa siku ya Jumamosi, tarehe 10 Disemba 2011, na yeye akaajiriwa kuwa mtunzaji mkuu wa viwanja. Wako waliosema amenunuliwa, na huenda baadhi yao wamo humu ndani wanakula kashata, basi na wale kwa raha, yamepita, ila familia inapenda ijulikane kwamba aliichukua kazi ile kwa sababu alitaka awe karibu na mlango aliokuwa akiuomba, wa kupitia watu wa pwani. Na kazi aliifanya. Nyasi za mwanzo zililetwa na meli zikiwa zimekunjwa kama majamvi, na baada ya miezi mitatu ya upepo wa chumvi zote zikawa rangi ya kahawa, wataalamu wakashika viuno, ndipo Katibu akawaambia kwamba hapa kuna ukoka unaomea mwenyewe mpaka ufukweni na chumvi haiushughulishi, akawakusanya watu wa kijiji, wakaupanda kishina kwa kishina kwa siku kumi na tisa. Kocha mmoja wa Ulaya aliyeusifu uwanja ule akauliza mbegu imetoka nchi gani, naye akamjibu kwa utulivu kwamba imetoka nyuma ya banda la mbuzi la jirani yake.

Hatutaki kuwa watu wa kuona upande mmoja tu, na yeye hakuwa hivyo. Kituo kile kimeleta heri nyingi hapa kwetu. Timu zilikuja kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Komoro kujiandaa na msimu, na kule kwao kunapoanguka theluji zikaja timu za Ulaya, watu thelathini kwa mara moja, na daktari wao, na mpishi wao, na nyuma yao mashabiki wakitafuta pa kulala, na kisiwa ambacho wageni wake walikuwa wapiga mbizi peke yao kikaanza kutajwa katika mambo ya mpira. Wavuvi wa kisiwa cha Fundo wakapata pa kupeleka changu na pweza, vijana wakapata kazi za kuwatembeza wageni kwenye mashamba ya Ole siku zao za mapumziko, nyumba kadhaa hapa zimeongezwa vyumba, na timu ya wasichana ya Subira, ambayo wazee waliikataa mara tatu, ilipata mwalimu wake hapo. Marehemu alikuwa akiwapokea wageni wale kwa salamu ya Kiswahili na hawapi kipenga cha kuanzia mazoezi mpaka waijibu, na wengi wao wameondoka Pemba wakijua kusema "Shikamoo Katibu" na hawajui jengine lolote. Alijivuna na kituo kile, na kila jioni alipomaliza kazi alitoka kwa lango kuu, akauzunguka uzio kwa nje, akaingia mikokoni kumpokea mkewe gunia. Ruhusa ya kupita ndani alikuwa nayo, na hakuitumia hata siku moja.

Siku ya Jumatano, tarehe 19 Februari 2014, kiasi cha saa nne asubuhi, Bi Time Ahmada akirudi na mzigo wake aliteleza juu ya mizizi ya mikoko, akaanguka, akavunjika nyonga. Alilala hospitali wiki tisa, akatoka na mkongojo, na mwani ukawa ndio basi, mwanamke aliyekuwa na kamba mia mbili za mwani baharini, aliyewasomesha watoto wake kwa kamba hizo. Katibu alikwenda kumtazama siku ya kwanza, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba radhi, na Bi Time akamwambia maneno haya, ambayo Bi Mwatum aliyasikia kwa masikio yake, "N'likuuliza mbele za watu, Othman. N'likuuliza." Akageukia ukutani.

Tangu hapo Bi Time hakusema naye tena. Salamu aliijibu, kwa sababu kuijibu ni wajibu na yeye ni mtu wa dini, basi Katibu akitoa "Assalamu alaykum" mlangoni, ndani hujibiwa "Waalaykumu salaam", na baada ya hapo kimya, mlango wazi, mtu kakaa, na hakuna neno jengine. Kila sikukuu alikwenda, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, tangu mwaka ule mpaka mwaka huu, sikukuu ishirini na nne, na mara zote aliomba radhi akisimama, akangoja kidogo, akarudi. Chakula cha mchana cha Ijumaa alikula nyumbani kwake mwenyewe, haraka haraka, na wanawe walijifunza kutosema naye wakati huo.

Jambo ambalo wengi wenu hamkulijua, na sisi ndugu zake hatukulijua, ni barua. Kuanzia Machi 2010 hadi Novemba 2022, Katibu aliiandikia kampuni barua arobaini na moja za kuomba mlango wa kupitia watu wa pwani, zote kwa mkono, zote zina tarehe na kumbukumbu namba, na arobaini za mwanzo zilijibiwa kwa mistari miwili au hazikujibiwa kabisa. Ya arobaini na moja ni ya tarehe 14 Novemba 2022. Alikuwa ameusoma tena ule mkataba, akasimama kwenye kifungu ambacho hakuna aliyekijali, kinachosema kwamba kila siku ya Ijumaa kiwanja kitakuwa wazi kwa wananchi, na ndio maana vijana wetu huruhusiwa kucheza Ijumaa jioni. Akaandika hivi: "Ikiwa kiwanja ni pale panapochezwa mpira, basi njia ya pwani hatukuwapa, tufungulieni. Ikiwa kiwanja ni ardhi yote mpaka maji ya bamvua, basi kila Ijumaa ardhi yote ni yetu, tufungulieni. Neno ni moja na mmeliandika nyinyi, chagueni maana mnayoitaka."

Meneja wa kituo, Bwana Abrahman, aliyekuja kutoka Unguja mwaka uliotangulia, ameieleza familia kwamba alipoisoma alicheka kwanza, kisha akasimama akaipeleka mwenyewe kwa wakubwa zake, na wanasheria waliishika kwa wiki tano wasione pa kuingilia. Siku ya Ijumaa, tarehe 6 Januari 2023, mlango ulifunguliwa upande wa kusini, na njia ikatengwa, wazi siku zote saba, kwa sababu waliona ni aibu kuufungua siku moja. Watu walishangilia, wakaisifu kampuni kwa wema wake, na Katibu alikuwepo, akapiga makofi pamoja nao. Bi Mwatum alipomuuliza kwa nini hasemi, alijibu, "Nkisema mie ndie nlieufungua, itanibidi niseme tena mie ndie nlieufunga," akamtaka amuahidi kwamba hatomwambia mtu, hata khaloo yake, na Bi Mwatum akaishika ahadi ile kwa uchungu mkubwa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka 2019, na tarehe 3 Aprili 2024 alipata kiharusi cha kwanza kilichomlegeza mkono wa kulia, akaacha kazi, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, hati mbaya sana, lakini kumbukumbu za Subira hakumpa mtu. Kiharusi cha pili kilimpata usiku wa Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, akapelekwa hospitali ya Wete. Jumapili nzima alikuwa na fahamu, akiwajua watu, akiitikia salamu ya kila aliyeingia, hata za wageni wa vitanda vya jirani, na alfajiri ya Jumatatu fahamu zikamtoka.

Siku hiyo ya Jumatatu, saa tano asubuhi, Bi Time alifika hospitali. Alikuja kumtazama Bi Mwatum, na alisema hivyo waziwazi, akaketi naye barazani kwenye benchi na mkongojo wake, hakuingia ndani. Bwana Abrahman naye akafika kumtazama mgonjwa, na kwa kuwa hakujua lolote baina ya Bi Time na mgonjwa, alipokaribishwa akaketi, akaanza kuwasimulia, kama mtu anavyosimulia mazuri ya mgonjwa, habari ya mzee aliyeandika barua arobaini na moja kwa ajili ya kina mama wa mwani, na ya mwisho aliikariri kwa kichwa. Bi Time akamgeukia Bi Mwatum akamuuliza, "Ni kweli hino?" Bi Mwatum akalia tu.

Bi Time akanyanyuka, akaukataa mkono wa kumshika, akaingia wodini peke yake mpaka kitandani, akasema, "Assalamu alaykum, Othman." Akaisema mara ya pili. Akaisema mara ya tatu, kwa sauti, muuguzi akageuka. Kisha akamwambia, "Othman mwanangu, nimekusamehe, n'jibu basi," na akasimama pale akimsubiri ajibu, na hakujibiwa. Daktari aliulizwa kama mgonjwa wa hali ile husikia, akasema kwa uaminifu kwamba hajui. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi minne na siku mbili, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Wete, waliomkosha uso na kumnyoa ndevu kama baba yao, kwa sheha wetu, kwa imamu na masheikh walioisimamia maiti na hitma hii, kwa wana Subira mliochimba kaburi bila ya kuagizwa, kwa wafanyakazi wa kituo mliofunga kazi siku mbili, na kwa ile timu ya wageni iliyoko kambini hivi sasa, iliyoacha mazoezi ikasimama barabarani jeneza lilipopita, vijana ambao hawakumjua ila kwa salamu. Tunawashukuru wavuvi wa Fundo kwa samaki wa siku tatu, na majirani kwa maji, kuni na mikono. Kama yuko mtu aliyekosewa na marehemu, kwa neno au kwa kitendo, tunamwombea radhi, na kama ilivyo desturi yetu mlikwishaitikia siku ya maziko, tunaomba muitikie tena.

Limebaki moja, nalo hatukuliandika sisi. Jana baada ya sala ya adhuhuri Bi Time Ahmada aliniita mimi msomaji wa historia hii, akasema kwamba katika shughuli hizi siku zote walio hai huombwa wamsamehe maiti, na yeye anataka isomwe mbele ya watu wote kwamba ni yeye anayemwomba radhi Othman kwa sikukuu ishirini na nne za kumwacha amesimama mlangoni. Tulikaa kikao cha familia, tukatafuta ni nani mwenye haki ya kumjibu, maana anayeombwa tumemzika, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusema kwa niaba yake. Bi Mwatum ametuletea jibu kutoka edani, la maneno machache, "Mwambieni khaloo, alikuwa akirudi kutoka kwako analia, lakini hakuna siku aliyorudi akakusema." Bi Time, tumelifikisha kama tulivyopewa, hatuna jengine la kuongeza.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, Katibu, alipanue kaburi lako, amkutanishe nawe mtoto wako Jaribu, na akupokee kwa upole zaidi kuliko tulivyokupokea sisi.